Mstari Wangu kwenye Karatasi ya Len

Nyinyi mlioingia dukani baada yangu mmeniomba niandike. Kuandika sikujui sana. Niliishia darasa la saba kule Kibosho, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa nyumbani namsaidia mama kupika mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini jicho moja limebaki na mkono haujaumia, kwa hiyo naandika. Mkikuta makosa yaacheni hapohapo.

Duka mnalijua. Walthamstow, nyuma ya soko, kati ya fundi simu na yule muuza vitambaa anayewasha redio mpaka mtu unasahau ulichofuata. Vitu vinavyouzwa mle ni kimea, hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu, hamira, ndoo, mipira ya kuhamishia bia na vizibo, yaani kila anachohitaji mtu anayetaka kutengeneza bia jikoni kwake. Nimefanya kazi pale miaka kumi na saba. Nani alinipandisha cheo na lini, hilo halina maana. Cheo chenyewe kilikuwa ni kukabidhiwa funguo.

Aliyenipeleka ni shemeji yangu Godlisten, mume wa Aikande, mtoto wa mama yangu mkubwa. Yeye alikuwa stoo ya duka hilo mwaka mzima kabla yangu. Nitamtaja sana humu, na najua atasoma. Sijamsamehe. Krismasi tunakula meza moja kwa sababu ya Aikande, na mchuzi nampitishia, lakini sijamsamehe.

Asubuhi ya kwanza, ndani ya treni, alinipa mawaidha.

"Shemeji, kazi yako ni kufagia na kuosha ndoo. Usijifanye unajua bia. Wazungu hawa na bia yao ni kama sisi na kanisa."

"Mimi nimezaliwa kwenye bia, shemeji."

"Hiyo ya ndizi iache Kibosho."

Mwenye duka, Clive, aliniuliza jina. Nikamwambia Eliaika. Akasema "Ellie," akaiandika kwenye beji, ikaisha hiyo. Miaka kumi na saba nimeitwa jina ambalo hata paka wa jirani yangu analo.

Siku hiyohiyo nikaharibu. Nilipewa ndoo sita za plastiki za kuchachulia, na mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kujionyesha. Kwetu sufuria haijaoshwa mpaka ing'ae. Nikatafuta steelwaya na sabuni ya vyombo, nikasugua mpaka jasho likanitoka. Ndoo ziling'aa kama zimetoka kiwandani. Nikazipanga mlangoni ili kila anayeingia azione.

Aliyeingia ni mzee mmoja mrefu, kofia ya sufu kichwani wakati nje kuna jua. Huyo ndiye Len. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, wala hakuwa mwajiriwa wa duka, ila alikuja kila siku, na Jumamosi ndiye aliyefundisha watu kupika bia katika jiko la nyuma. Aliinua ndoo moja akaitazama kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena.

"Umeiua," akasema.

"Nimeiosha."

"Umeikwaruza. Tazama mistari hii. Kila mkwaruzo ni chumba cha kulala cha mdudu, na mdudu huyo hutamtoa tena. Na sabuni uliyoweka itakula povu lote."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndoo sita! Len hakunisemea kwa Clive. Alizibeba zote, mbilimbili, akaenda kupandia viazi bustanini kwake, na kesho yake akanionyesha kuosha kwa kitambaa laini na maji ya moto, kisha dawa ya kuua wadudu, bila haraka. Namna mnavyoosha nyinyi leo imetoka kwake. Aliyewafundisha ni mimi, lakini mimi nilifundishwa na ndoo sita za viazi.

Wiki hiyo nilimwona akipima kimea. Nikachukua punje moja nikaitafuna. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa kabla haijawa mche, sawasawa na ulezi wa mama. Nikamweleza Len kwa Kiingereza changu cha kuchechemea: ulezi unaloweka, unauacha uote, unauanika, unausaga, unachanganya na maji ya ndizi zilizochemshwa. Alikaa juu ya gunia akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na mnaifungia kwenye nini?"

"Haifungiwi. Tunaifunika tu, ipumue. Inanyweka ikiwa bado inachemka yenyewe."

"Basi kazi hii unaijua," akasema. "Umebakiza kujifunza uvumilivu wetu."

Sasa ile karatasi. Mmeikuta pale ukutani kando ya kaunta, ndani ya plastiki, kalamu imefungwa kwa uzi. Ni resipe ya Len ya bita, ile bia ya Waingereza yenye rangi ya chai ya rangi na povu dogo, inayonywewa bila kupozwa kwenye friji. Mara ya kwanza kuionja nilidhani imeharibika. Mara ya tatu nikauliza imebaki ngapi. Resipe si ndefu. Kwa ndoo ya lita ishirini na tatu, kilo nne za kimea cheupe na kiganja kikubwa cha kile kilichokaangwa mpaka kikawa na utamu wa karameli. Loweka saa moja kwenye maji ya joto la sitini na sita. Chemsha saa nyingine, hopsi za uchungu mwanzoni, za harufu dakika kumi za mwisho. Poza, tia hamira, funika, subiri.

Resipe ni ya bure, kila mtu anapewa nakala. Ila kuna sharti: ukishaipika, urudi uandike mstari mmoja chini yake, ulifanya nini na ilitokea nini, na herufi za mwanzo za jina lako. Na hakuna kufuta. Karatasi ikijaa, inapigwa pini nyingine. Nakala zinazotolewa zinakwenda na mistari yote, kwa hiyo mtu wa Thamesmead jikoni kwake anasoma kosa la mtu wa Stratford asiyemjua, na anajua asilirudie. Nilipoanza zilikuwa kurasa nne. "Moto ulizidi, ikawa chungu kama dawa ya malaria." "Nilisahau hopsi za mwisho kwa ajili ya mpira. Timu ilifungwa, bia ilinyweka." Hivyo hivyo.

Len alinisomesha kwa karatasi hiyo. Maneno ya Kiingereza yalinitesa; namba hazikuwahi kunitesa. Naomba mlishike hilo. Gramu, lita, digrii, nilizisoma tangu siku ya kwanza. Mstari wangu wa kwanza niliuandika baada ya miezi minane, na ulinichukua robo saa: maji ya London yana chokaa nyingi, nikayachemsha peke yake kwanza, nikayaacha yatulie, chokaa ikabaki chini, bia ikawa laini. E.M. Len aliusoma, akavua kofia, akaivaa tena.

Ziko kesi ngumu ambazo ningependa mzijue. Jamaa mmoja alikuja mara tatu na chupa zenye ladha ya plasta ya kidonda. Kila mara analaumu kimea chetu. Clive akambadilishia kimea, akambadilishia hamira. Ya tatu nikamuuliza swali moja tu: jikoni kwako nani anasafisha? Akasema mke wangu, mtu safi sana. Nikamwuliza anasafisha kwa kutumia nini. Kwa jiki. Basi ndoo zilikuwa zinanuka jiki, na jiki ikikutana na bia hiyo ndiyo ladha yake. Alikwenda nyumbani amefurahi, sijui mkewe alifurahi vipi. Ninachosema ni kwamba bia mbaya mara nyingi imeharibikia nje ya resipe. Ulizeni kuhusu mikono, vitambaa, nani ana haraka.

Aliyekuwa na haraka ni Clive.

Alipanga siku ya wazi, watu waje waonje bita ya Len dukani. Alihesabu kurudi nyuma kwenye kalenda na kuona kwamba bia inatakiwa iwe ndani ya chupa siku ya Alhamisi. Alhamisi hiyo bia ilikuwa na siku tano tu. Kila asubuhi nilikuwa nimeipima kwa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinachozama kadiri hamira inavyokula sukari. Namba nilikuwa naziandika kwenye tepu ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa ndoo, kama tulivyozoea. Ishirini na mbili. Kumi na nane. Kumi na sita. Bita hii inatulia kwenye kumi na moja, na inatakiwa ikae hapo siku tatu bila kusogea, ndipo ufunge.

"Clive, bado," nikamwambia. "Inashuka."

"Itamalizia ndani ya chupa, Ellie. Fungeni leo."

"Len angesema tusubiri."

"Len amelazwa, goti lake linatengenezwa. Na duka si la Len."

Godlisten akanivuta pembeni. "Shemeji, fanya anavyotaka mwenye mali. Unataka ugombane naye kwa ajili ya bia?"

"Bia hii ina nguvu bado, shemeji. Huoni povu?"

"Litapoa. Lete chupa."

Nikaleta chupa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Sikusimama.

Tulifunga wawili. Kwanza chupa bubu. Nawaeleza kwa sababu siku hizi naona mnairuka: kabla ya kuchanganya ile sukari kidogo ya kuipa bia gesi, unajaza chupa moja bila sukari yoyote, unaweka alama ya msalaba kwenye kizibo na tarehe. Len alianzisha hilo ili aonje bia ilivyo yenyewe, bila gesi. Ndiyo maana bubu. Godlisten aliijaza, akaiweka kando. Mimi nikapima sukari gramu sitini, nikachemsha na maji kidogo, tukachanganya, tukajaza zilizobaki, tukafunga. Kreti zikaenda chumba cha nyuma. Lilikuwa ni joto lile la Julai ambalo Waingereza wanalisifu kwa siku mbili na kulilaani kwa wiki.

Siku ya kumi na tatu niliinama kuinua kreti. Sikusikia mlio wa chupa kupasuka. Wengine walisikia mpaka barabarani. Mimi nakumbuka nilidhani nimemwagiwa maji ya moto.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Wauguzi walinitunza vizuri, Aikande aliniletea mtori wa ndizi kila siku kwenye chupa ya chai, na sitaki kusema zaidi kuhusu hilo.

Wiki ya tatu binti yangu Faraja alikwenda dukani kuchukua koti langu. Alirudi na picha kwenye simu. Faraja amezaliwa huku, Kiswahili anakielewa vizuri lakini majibu yake ni Kiingereza. Hakutaka kunionyesha, nikamlazimisha. Ulikuwa mstari mpya kwenye karatasi ya Len, mwandiko wa Clive: someni gramu mara mbili, sukari iliwekwa maradufu, chupa zikapasuka, kosa la E.M.

"Mum, just leave it," akasema.

Ningewezaje kuacha? Kila anayechukua resipe anapewa mstari huo. Mambo ya mkaguzi na fomu za ajali sikuyaelewa, na sikuyajali kama nilivyojali mstari ule. Nilikuwa mtu wa darasa la saba niliyejifunza kazi mpaka watu wenye digrii wakawa wananiletea chupa zao ninuse. Sasa katika kila jiko nimekuwa mama wa Kiafrika asiyejua kusoma gramu.

Nikampigia Godlisten.

"Shemeji, siku ile niliweka sukari gramu ngapi?"

Nikamsikia akifunga mlango.

"Shemeji, unajua karatasi zangu za ukaazi zinahitaji barua ya Clive," akasema. "Unajua hilo."

"Nimekuuliza sukari."

"Sitini."

"Na kwenye maelezo ya ajali ulisaini ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na tepu yangu?"

"Niliosha ndoo, shemeji. Tepu huwa inatoka." Kisha akasema, kama mtu anayetoa zawadi, "Nilimwambia Clive huwa unasoma polepole. Sikusema hujui kusoma."

Nikakata simu.

Miezi minne mstari ule ulitembea. Siku moja stesheni ya Stratford mama mmoja wa darasa la Jumamosi alinisimamisha, akanipa pole kwa jicho, na akanishauri ninunue mizani ya kidijitali yenye namba kubwa. Alikuwa na nia njema kabisa. Nikamshukuru.

Len alipoweza kutembea kwa fimbo alikuja kwangu. Yeye hakuwahi kuniita Ellie. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Eliaika, bubu yako ninayo mimi."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba bubu zote huwa zinapelekwa kwake, kwenye kibanda cha bustani, na hata alipokuwa hospitali Godlisten aliipeleka kwa mazoea, akaiacha kwenye baridi ya sakafu ya saruji. Labda baridi hiyo ndiyo iliizuia isipasuke.

"Haina sukari hata chembe," akasema Len. "Sasa tuone kama ni bubu kweli."

Jumamosi tukaenda dukani. Wanafunzi wake walikuwa kumi hivi. Clive alisimama mlangoni amekunja mikono, Godlisten nyuma yake na katoni ambayo hakuiweka chini. Len aliivika chupa taulo, akaisimamisha ndani ya ndoo, akagawa miwani ya kinga. Nami nikavaa, ingawa kioo kimoja hakikuwa na kazi.

"Godlisten," Len akasema, "hii alijaza nani?"

"Mimi."

"Kabla ya sukari au baada?"

Akamwangalia Clive. Akaniangalia. "Kabla. Bubu hujazwa kabla."

Len akafungua. Bia ilipiga dari. Ilimwagika mpaka chupa ikabaki robo, na mle jikoni hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chupa isiyotiwa sukari haina cha kuirusha bia, isipokuwa imefungwa kabla bia haijamaliza kuchacha.

"Haithibitishi chochote," Clive akasema. "Inaweza kuwa imeingiwa na wadudu."

Len akamimina robo iliyobaki kwenye vikombe vidogo, akaonja, akawapitishia wote. Yule mama wa mizani akaonja mara mbili. "Ni safi," akasema. "Haina uchachu wowote." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Kikombe cha Clive kilibaki mezani.

"Sawa," Clive akasema. "Basi tuufute ule mstari tuendelee na kazi." Akanyoosha mkono kwenye karatasi.

"Hakuna kufuta," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani. Len akanipa kalamu.

Nikaandika kwa Kiswahili. Sikupanga, nilipoinama tu niliona sitaki mtu anisahihishe herufi. Nilichukua muda wangu. Kwa jicho moja huna hakika karatasi iko wapi, unaitafuta kwa kalamu. Nilisikia redio ya muuza vitambaa, na Godlisten akihamisha ile katoni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sikuweka herufi mbili. Niliweka jina langu zima.

Nilipomaliza watu walisogea, wakatazama, wakatazamana.

"Inasemaje?" mmoja akauliza.

"Shemeji," nikasema, "wasomee."

Akaja karibu. Aliusoma kwanza kwa macho, na uso ukambadilika. Akanong'ona kwa Kiswahili, "Shemeji, tafadhali. Tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani hakuna karatasi. Soma."

Clive akamwita jina lake. Godlisten hakugeuka. Aliweka katoni chini, akasoma kwa Kiingereza, polepole kuliko ninavyosoma mimi. Sukari ilikuwa gramu sitini. Bia ilifungwa siku ya tano, haidromita ikiwa kumi na sita. Clive ndiye aliyeamuru. Katika sentensi iliyofuata niliandika kwamba Godlisten alijua, na akasaini uongo. Alipofika hapo hakulisoma jina. Alisema, "Mimi nilijua, na nikasaini uongo."

Ilibaki moja, ya kwamba Eliaika naye alijua na akafunga. Hiyo aliipitia harakaharaka, nusu kwa sauti, kama mtu anayenistiri. Nikamwambia arudie.